Shoka la Kratos likigoma: kichwa kimepinda, rangi inabanduka, mpini unacheza

Tuseme seti imefika. Ni vipande kadhaa vya kujiunganishia shoka la Kratos, shujaa wa gemu ya God of War ya 2018, lile ambalo wahunzi Brok na Sindri walimtengenezea Faye, mkewe, kichwa kimegawanywa mara mbili ama tatu, mpini una vipande vyake, kuna kile kifundo cha mwisho wa mpini, na labda kamfuko ka taa za buluu. Ukiangalia picha unaona hii ni kazi ya wikendi moja tu. Alafu Jumapili jioni unashika ile tepu ya kuziba pasipopakwa, unavuta, na rangi yote inakuja nayo.

Niko Kisumu kwa hivyo mengi hapa nimeyaandika nikifikiria hewa ya huku, unyevu wa ziwa na ile mvua ya saa kumi, lakini mtu wa Nakuru ama Kakamega atajipata pia. Na jambo moja ulishike kabla hatujaingia ndani: shida unayoiona juu karibu kila mara imezaliwa chini. Rangi ikibanduka usikimbilie kulaumu rangi, uliza praima, ile rangi ya kwanza ya kushikilia zingine, na praima ikibanduka uliza ni nini kilikuwa juu ya plastiki kabla ya praima. Unarudi nyuma tabaka moja moja mpaka umpate mwenye makosa.

Jua pia umepewa nini. Kama ukipitisha ukucha unaskia vimistari vidogo vidogo vimepangana, hiyo ni PLA, plastiki iliyochapwa na printa ya 3D. Kama ni laini, nzito, na ina utelezi flani hivi kwa vidole, hiyo ni resini iliyomwagwa kwa moldi, na huo utelezi utaturudia baadaye.

Kichwa kimepinda ama vipande vinaacha mwanya

Resini hupinda njiani ikikaa kwa joto huku imelaliwa na mizigo mingine. Hiyo si mwisho wa dunia. Weka maji moto kwa karai, si yanayotokota, yale ukitia kidole unakitoa mbio, tumbukiza kipande dakika mbili tatu mpaka kilegee, kilaze juu ya kioo ama taili iliyonyooka, kishikilie hapo, kisha maji baridi. Kikirudi kupinda unarudia. PLA nayo inaanza kulegea kwa nyuzi 60 hivi, kwa hivyo ukiitumbukiza yote itajikunja kila mahali, hata zile kona zilikuwa sawa. Chovya tu pale pamepinda, na kidogo. Na kwa sababu hiyo hiyo usiache shoka la PLA kwa dashibodi ya gari limefungwa vioo saa nane mchana. Utarudi upate ndizi.

Mwanya ni hadithi ingine. Watu wanaona mwanya wanashika fila, ile dawa ya kuziba, na mara nyingi kipande hakina upungufu wowote, kuna kitu kimezidi mahali. Kwa resini ni vile vichuchu vinavyobaki pale resini iliingilia kwa moldi. Kwa PLA ni ule upande uliolala chini kwa printa, ukingo wake hutanuka kidogo na kukataa kuingia. Njia ya kupata pale panagusa: chukua penseli laini, paka uso mmoja wa kiungo mpaka uwe mweusi, bonyeza vipande pamoja, tenganisha, angalia uso wa pili. Pale penye alama nyeusi ndipo panazuia. Kwangua hapo na wembe wa kazi ama msasa namba 220, rudia mpaka alama ienee uso mzima. Mwanya unaobaki hapo ndio wa fila.

Supagluu imeacha ukungu mweupe, ama kiungo kimeachana shoka lilipoanguka

Ule weupe kando ya kiungo ni mvuke wa gundi umerudi kutua juu ya plastiki. Supagluu hushika kwa kutumia unyevu wa hewa, na huku unyevu si kitu tunakosa, kwa hivyo ukimimina nyingi kwa chumba kisichopita upepo lazima uone weupe. Feni ndogo ikipuliza pembeni inasaidia sana. Ukishaupata usiogope, msasa namba 400 unautoa, na rangi bado inakuja juu.

Kuachana ndio shida kubwa. Supagluu ukiivuta taratibu haiachii, lakini haipendi kugongwa. Shoka likianguka kwa simenti kiungo kinaachana safi kabisa, hata hakivunjiki, nyuso mbili zinatazamana. Hiyo ni dalili kwamba hukuweka pini, na hapo tunaingia kwa mpini.

Mpini unacheza, kichwa kinainama

Hapa ndio watu huokoa muda mahali pabaya. Kichwa cha resini tupu ni kizito, na mpini umekatwa vipande, ukiunganisha kwa gundi pekee kila ukiinua shoka unakuwa unajaribu kuvunja kila kiungo. Inahitaji uti wa mgongo. Kama mpini uko na tundu katikati, pima kipenyo chake kisha nenda hadwea na hicho kipimo ama na kipande chenyewe mkononi, uombe bomba nyembamba ya chuma ama ya alumini inayopita bila kulazimishwa. Wengine hutumia mti wa fagio. Sipendi, juu miti mingi ya fagio imepinda na huoni mpaka uwe umeshaingiza na gundi imeshika. Nondo nayo ni ngumu vizuri lakini inafanya shoka liwe zito la kweli, na utalibeba siku nzima.

Uti upite mpini wote uingie ndani ya kichwa, angalau sentimita tano sita. Kama kichwa hakina tundu la kutosha, toboa, na uanze na dirili nyembamba kisha uongeze taratibu, resini ikipata joto la dirili inakwama na kupasuka.

Kwa viungo vya bapa lenyewe weka pini mbili kila kiungo, si moja. Moja inazunguka. Misumari iliyokatwa kichwa ya milimita mbili ama tatu inatosha. Kupanganisha matundu: toboa upande mmoja, weka tone la rangi kwa mdomo wa kila tundu, bonyeza upande wa pili, toboa pale rangi imeacha alama.

Gundi ya hapa ni epoksi ya mirija miwili, na kama siku ya pili bado inanata basi hukuchanganya sawa kwa sawa, ama ulikoroga mara tatu ukachoka. Kuongeza hadina, ule mrija wa kugandisha, juu yake hakusaidii chochote. Kwangua yote, futa na spiriti, changanya upya kwa kipande cha bati dakika nzima ukikwangua na kando kando.

Fila haikauki, ama imekauka ikapasuka

Bodi fila ile ya mafundi wa kunyoosha magari ndio bora kwa mianya mikubwa, na ni rahisi kuipata kuliko putti za kuagiza. Kipimo ni kama gramu 2 za hadina kwa gramu 100 za fila. Ikibaki kama mpira, hadina ilikuwa kidogo. Ikishika kabla hujamaliza kupaka, ikajaa vitundu na kupasuka, ilizidi. Ukiona mistari ya rangi ya hadina imejipitisha ndani, hukukoroga. Na joto la Kisumu linafupisha muda wako, kwa hivyo changanya kidogo kidogo, kiasi cha kijiko.

Kuna siku nilikuwa kwa gereji moja huku, kijana amesimama na kibati mkononi anauliza, "Mzee, niongeze hadina ndio ishike haraka?" Mzee hata hakuinua kichwa. "Ongeza tu kijana wangu, alafu utapiga msasa hicho kibati, si gari."

Fila ikibanduka nzima kama ganda, uso wa chini ulikuwa laini. Kwaruza na namba 120 kabla ya kupaka. Vitundu vidogo vinavyobaki usivizibe na fila tena, tumia ile stopa laini inayopakwa nyembamba. Ukipiga msasa PLA usisukume kwa nguvu, inapata joto na kuanza kutoa manyoya, lowesha maji na utumie msasa wa maji. Vumbi la resini na la fila si la kuvuta, vaa barakoa, na usifanyie kwa jikoni ambapo mama anapika.

Praima inatoka na tepu

Sasa ule utelezi. Resini ikimwagwa kwa moldi huwa kumepakwa dawa ya kuifanya itoke bila kung'ang'ania, na hiyo dawa inabaki juu ya kipande. Praima inakaa juu ya dawa, si juu ya resini. Inaonekana sawa kabisa mpaka siku ya tepu.

Dawa yake ni kazi ya kuosha vyombo: maji vuguvugu, sabuni ya maji ya vyombo, mswaki wa zamani, unasugua mpaka kwenye zile rune, herufi za kale zilizochongwa, unasuuza sana, unaacha ikauke usiku mzima juu maji hujificha kwa michoro. Kisha msasa namba 220 ama 320 kiasi cha kuua mng'ao. Kuanzia hapo vaa glavu. Sisi watu wa kupaka mafuta asubuhi, mkono ukishatoka kwa kopo la mafuta ya kujipaka ukashika bapa, umerudisha utelezi ule ule.

Kama praima ishaanza kutoka, hakuna njia ya mkato. Kuna watu wanajaza pale pametoka na kupuliza juu, na wiki ijayo panatoka kando yake. Toa yote. Jaribio la kujua mapema: mahali pasipoonekana, chora msalaba na wembe, bandika tepu ya karatasi, sugua, vuta kwa haraka. Kama tepu imetoka safi endelea.

Na kuna tepu yenyewe kuwa mkosaji. Ukiiacha siku tatu kwa jua inageuka gundi. Itoe siku ile ile, ukiikunja irudi nyuma juu yake mwenyewe badala ya kuinua juu wima.

Rangi imekunjamana

Hii ndio inaumiza watu wengi zaidi na ndio ina maelezo marefu. Umepuliza koti ya pili, unaangalia, na mbele ya macho yako uso unaanza kujikunja kama utando wa maziwa kwa chai iliyopoa. Hiyo ni thina, ile dawa ya kuzimulia rangi, ya rangi ya juu imepenya ya chini na kuiinua.

Kwa maduka yetu kuna familia kubwa mbili. Kuna rangi ya mafuta, ile glosi ya milango na mageti, inakauka pole pole kwa kukutana na hewa. Na kuna rangi za laka, NC ya mafundi magari na fanicha, pamoja na spreyi nyingi za magari, hizi zinakauka thina ikiruka tu. Thina ya NC ni kali. Ukipuliza NC juu ya rangi ya mafuta ambayo haijaiva, inaikunja papo hapo. Kinyume chake ni salama, yaani laka chini imekauka, mafuta juu. Shida ni kwamba mtu ananunua praima duka moja, fundi wa duka la pili anamuuzia rangi ya fedha ya kopo, kliya, ile ya mwisho isiyo na rangi, anapewa na rafiki, na hakuna hata mmoja aliyemwambia ni familia gani.

Jaribu hivi: chovya pamba kidogo kwa thina ya NC, sugua mahali pamejificha. Rangi ikitoka kwa pamba laini bila kujikunja ni laka. Ikijikunja ni ya mafuta. Isipofanya kitu, ni ile ya vikopo viwili vya kuchanganya, ama imeiva kabisa, na unaeza pulizia chochote.

Lakini pia hukunjamana rangi ya kopo moja hiyo hiyo. Soma nyuma ya kopo, makopo mengi ya rangi ya mafuta yanasema upulizie koti ya pili ndani ya saa moja, ama ungoje siku nzima na zaidi. Katikati hapo ndio hatari, juu imeshika na chini bado ni mbichi. Msimu wa mvua ngoja hata zaidi ya wanavyosema.

Ikishajikunja iache. Usifute ikiwa mbichi. Ikauke siku mbili tatu, piga msasa mpaka pale pako sawa, kisha uanze na makoti membamba sana ya ukungu tu, ukipumzisha dakika kumi kumi, ili thina iruke kabla haijapenya.

Kliya imekuwa na maziwa ndani

Uso ulikuwa mweusi safi, umepuliza kliya, umegeuka kijivu cheupe. Thina ikiruka kwa haraka inapoza uso, na uso ukipoa hewa yenye unyevu inaacha maji juu yake, maji yananaswa ndani ya kliya. Huku tuko mita 1,100 na kitu juu ya bahari, kando ya ziwa, na kuanzia Machi mpaka Mei unaeza kukosa siku kavu wiki nzima. Usipulizie alfajiri kukiwa na umande, usipulizie baada ya mvua hata kama jua limetoka. Saa nne mpaka saa saba ndio dirisha lako, kabla mawingu hayajajikusanya.

Ikitokea, peleka kipande pakavu penye joto kiasi na ungoje, weupe mwepesi mara nyingine unatoka wenyewe. Usipotoka, pulizia ukungu mwembamba wa thina ya pole pole, ile mafundi huongeza kwa NC siku za mvua, inafungua uso na maji yanatoka. Ikishindikana ni msasa na koti mpya siku kavu.

Ndugu zangu wa Nakuru hawana hii shida sana, nyinyi mko juu zaidi na hewa ni kavu zaidi, lakini mna vumbi, na Julai kopo linapoa mpaka linatema badala ya kupuliza. Lisimamishe kwa maji vuguvugu dakika chache, litikise vizuri. Usiliweke karibu na jiko, ata kidogo, na usipulizie chochote nyumba yenye moto unaowaka.

Mengine ya rangi ni ya haraka. Ikitiririka ulikuwa karibu sana, kaa sentimita 20 mpaka 30 na usisimamishe mkono. Ikiwa na uso wa ganda la chungwa ulikuwa mbali, ama jua kali, ikakauka kabla ya kutua. Vishimo vya mviringo ambapo rangi inakimbia ni mafuta ama silikoni, na usipulizie karibu na mahali watu wanapaka magari polishi ya dashibodi. Vidoa vyenye mabawa ni wale wadudu wa ziwani wanaokuja kama moshi, hasa siku za mwezi mwandamo, wanapenda taa na rangi mbichi. Wakishatua usiwatoe, utaburuta rangi. Wangojee wakauke nayo kisha namba 800 na maji.

Bapa linafanana na plastiki iliyopakwa fedha

Kwa maoni yangu kosa ni kutumia fedha moja kila mahali. Shoka la Kratos ni chuma cha zamani, kijivu cheusi, makali ndio yanang'aa. Piga bapa lote nyeusi isiyong'aa, ikauke kabisa, kisha chukua unga wa penseli ya 6B na usugue na kitambaa. Inatoka chuma ambacho hakuna kopo litakupa. Kwa makali peke yake pitisha brashi kavu yenye fedha kidogo. Kwa michoro, akriliki nyeusi na kahawia iliyozimuliwa maji mengi, imwage, ngoja kidogo, futa juu tu.

Ukipuliza kliya juu ya hiyo penseli mng'ao unapungua, na kwa rangi za kromu ndio kabisa, zinageuka kijivu. Kliya iende kwa mpini na sehemu za kushikwa, bapa liache.

Taa za buluu haziwaki, ama zinapita kwa plastiki

Taa ya LED ya buluu inataka volti 3 na kitu, kwa hivyo betri mbili za kawaida zikichoka kidogo inafifia. Weka tatu, hiyo ni volti 4.5, na rezista ya omu 68 kwa kila taa. Bila rezista itawaka vizuri sana, mara moja. Mguu mrefu ndio chanya. Kama mwanga unapita hata pale hapana rune, ndani hapakupakwa: nyeusi kwanza, fedha juu yake, kabla ya kufunga. Na jaribu kila waya kabla ya epoksi.

Kusafiri nalo

Rangi ya mafuta ikiwa haijaiva ukaifunga na nailoni, itachukua alama za nailoni, kila mkunjo. Ngoja wiki kama unaweza, kisha lifunge na shuka la pamba, kichwa kivuliwe kama ulikitengeneza kitoke, na usiliweke buti la basi chini ya magunia.

Kama seti yako si shoka bali ni bunduki ya gemu, hiyo ni mambo tofauti. Sheria ya Silaha, Sura ya 114, inazungumzia hata bunduki bandia, na askari wa kizuizi cha barabarani usiku hana muda wa kuuliza kama ni ya gemu. Ipake ncha ya chungwa, ipeleke ikiwa vipande ndani ya begi iliyofungwa, na uiunganishe ukishafika ukumbini.